Kabla msiba haujaingia: mambo ya kuzungumza na wazee wetu

Ukikaa kwenye kikao cha kwanza cha msiba, pale chini ya turubai, hoja inayokula muda kuliko zote ni moja: tunazika wapi? Familia nyingi za Mwanza zina kwao pawili. Watoto wamejenga Buswelu au Nyegezi, makaburi ya ukoo yako Ukerewe, Sengerema au Magu. Watoto wanasema hapa hapa, baba wadogo wanasema nyumbani, na marehemu, ambaye neno lake moja lingemaliza ubishi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Ndiyo maana mahali pa kuzikwa napaweka mbele ya mengine yote.

Mkizungumzia mahali, zungumzieni na njia. Kwa anayetaka kulala Ukerewe, msafara utapanda meli ya Nansio, au utazunguka kwa barabara kupitia Lamadi na Bunda hadi Kisorya, kisha uvuke kwa kivuko mpaka Rugezi. Sengerema ni afadhali tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025. Mwambieni mzee gharama zilivyo, bila kumbana. Wapo watakaosema, "Nizikeni popote, ila msiingie madeni." Wapo watakaoshikilia kaburi la mama yao. Yote mawili ni ya kuheshimiwa, na kujua mapema kunawapa nafasi ya kuweka akiba.

Namna ya kuanza ndiyo inayowatisha wengi, kwa sababu mtoto anaogopa kuonekana anamtakia mzazi kifo. Msimwite mzee kikaoni kama mshtakiwa. Subirini mkitoka kumzika jirani. Jioni ile, wakati mama anachambua dagaa na habari za msiba bado ziko mdomoni, muulize tu: "Mama, wewe wangekufanyia vile ungeridhika?" Mara nyingi ataanza mwenyewe: nani asimame kuongea, watu wakae matanga siku ngapi, nguo ipi avalishwe. Msikatize kwa "usiseme hivyo, mama, utaishi." Mnamnyamazisha siku aliyoamua kusema.

Ikiwa nyumba ina dini mbili, hilo nalo lisemwe wazi. Waislamu huharakisha maziko. Wakristo wengi husubiri watoto walio mbali, na mwili unakaa mochwari. Nani atapigiwa simu kwanza, shehe au katekista? Mzee aseme mbele ya watoto wa pande zote.

Kisha pesa. Muulizeni yumo kwenye chama gani cha kufa na kuzikana, daftari la michango liko wapi, na ada imelipwa mpaka lini. Vyama vingi humsaidia tu mwanachama ambaye michango yake imelipwa, na watoto wasiojua kuwa mzazi ni mwanachama hukosa kudai haki yao.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na hati ya kiwanja viwe mahali panapojulikana na watu wawili. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na cheti cha kifo ndicho kitakachoombwa mtakapofungua mirathi mahakamani, kwa hiyo kibali cha mazishi, kinachotumika kuombea cheti hicho, kisipotee kwenye pilikapilika za msiba. Mali igawiwe kwa wosia ulioandikwa na kushuhudiwa. RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, huhifadhi wosia. Ila matakwa ya mazishi msiyafungie humo peke yake, maana wosia mara nyingi husomwa watu wameshatoka makaburini. Yaandikwe kando, ukurasa mmoja, na mzee atie saini au dole gumba.

Nakala ya ukurasa huo mpelekeeni baba mkubwa au mjomba ambaye ukoo unamsikiliza, na mzee mwenyewe ampigie amwambie kwa sauti yake. Kikao kikikaa, yeye ndiye atakayeshika neno, na akiwa hajaambiwa, karatasi ya watoto wa mjini haitamzuia.