Kurekebisha kemba ya Mark X iliyoshushwa baada ya kufunga aamu za kurekebishika

Wakuu, Toyota Mark X (hapa naongelea matoleo ya GRX120 na 130) ukiishusha kwa springi fupi tairi za nyuma zinalala, juu zinaingia ndani, hiyo ndo kemba ya mainasi. Haichukui muda tairi inaliwa upande wa ndani mpaka nyaya zinachungulia wakati nje bado ina kashata kibao. Ndo maana watu wanafunga aamu za juu za kurekebishika (aamu ni vile vyuma vinavyoshikilia tairi kwenye bodi, hizi unaweza kurefusha na kufupisha). Sasa tatizo linaanzia hapo, fundi anafunga aamu, anakaza, anasema tayari bosi, na tairi inaendelea kuliwa vilevile. Kisa ni toe, yaani ukiitazama tairi kutoka juu, mbele yake imeelekea ndani au nje kiasi gani. Kemba ya mainasi 2 peke yake tairi inavumilia vizuri tu, ila toe ikiharibika tairi inaburuzwa ubavu kila mita unayotembea, na nyuma ya Mark X kuna aamu mbili za juu, seti nyingi za dukani zinabadilisha moja tu, kwa hiyo ukirefusha ile moja haba (kitovu tairi inapofungwa) inajigeuza kidogo na toe inaondoka na yenyewe. Ukigusa kemba, toe lazima uirudie, hakuna namna.

Kabla ya spana yoyote jaza upepo tairi zote sawa, toa mizigo kwenye buti, halafu shika tairi ya nyuma juu na chini gari ikiwa juu ya stendi uitikise. Ikigonga, bushi au beringi imekufa, badilisha kwanza, maana hapo utakuwa unapima uchakavu. Na kama koilova zako (shokapu na springi zinazorekebishika kimo) bado unazipandisha na kuzishusha, maliza kwanza hilo, kimo cha gari kikibadilika na kemba inabadilika.

Kupima sio lazima mashine. Tafuta sakafu iliyo sawa, hakikisha na pima maji, ning'iniza timazi upande wa nje wa tairi uzi upite usawa wa katikati ya rimu bila kugusa tairi, kisha pima kwa rula kutoka kwenye uzi mpaka ukingo wa rimu juu na ukingo wa rimu chini. Rimu ya 17 ukingo kwa ukingo ni kama sentimita 46, kwa hiyo tofauti ya milimita 8 ni digrii 1. Juu kukiwa mbali na uzi kuliko chini kwa milimita 24, una mainasi 3, hiyo ni nyingi kwa gari ya kuendea kazini. Ukitumia simu yenye programu ya kupima mwinamo pia sawa, ila pima na sakafu yenyewe, sakafu ikilala digrii 1 tairi moja itakudanganya juu na nyingine chini.

Lengo la gari ya barabarani, nyuma iache kwenye mainasi 1 hadi 1.5. Usihangaike kutafuta sifuri, kwenye kona utaijutia. Cha muhimu kulia na kushoto zisipishane zaidi ya nusu digrii.

Haya, pandisha gari, weka stendi, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki tu hata kama ni dakika moja. Legeza lokinati za aamu (nati za kufunga urefu wake usibadilike). Aamu ya juu ukiirefusha inasukuma juu ya tairi nje, mainasi inapungua, ukiifupisha inaongezeka (aamu ya chini ni kinyume chake). Sasa hesabu, kama jointi ya juu na ya chini zimeachana sentimita 30, milimita 5 za urefu ni karibu digrii 1. Aamu yenye uzi wa skrubu wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, uzi wenyewe wa hatua ya milimita 1.5, mzunguko mmoja unatoa milimita 3, yaani nusu digrii na ushee. Kwa hiyo kutoka mainasi 3 kuja 1.5 ni mizunguko miwili na nusu hivi, sio kuzungusha kwa hisia. Angalia uzi uliobaki ndani pande zote mbili ulingane, ukiona umebaki kidogo upande mmoja simama hapohapo, aamu ikichomoka kwenye tuta gari haina nyuma tena.

Ukishusha gari usipime papo hapo, tairi zitakuwa bado zimejibana. Sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa, kandamiza buti mara kadhaa, ndo upime. Utarudia hii shughuli mara mbili tatu, kawaida. Aamu zenye bushi za mpira bolti zake zikazwe mwisho uzito wa gari ukiwa chini, ukizikaza tairi zikining'inia mpira unabaki umesokotwa na utachanika mapema.

Kemba ikikaa ndo uje kwenye toe. Funga uzi mnyoofu kila ubavu wa gari usawa wa katikati ya rimu, pande zote umbali sawa kutoka katikati ya haba, kisha pima ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Nyuma unataka mbele ya rimu iingie ndani milimita 1 hadi 2 kila tairi, unarekebisha kwa ile bolti yenye kamu (kisahani kisicho katikati, ukiizungusha aamu inasogea) kwenye aamu ya chini. Bolti ikiwa imeganda kwa kutu pulizia mafuta usiku uliopita, usiipige nyundo. Ukimaliza nyuma ndo upeleke alaimenti ya mbele, sio kinyume, kwa sababu usukani unafuata nyuma inakoelekea.

Kabla hujaondoka geuza macho kwenye waya wa ABS na mpira wa breki, aamu mpya isiviguse. Kaza lokinati, chora mstari wa rangi unaopita kwenye nati na aamu, tembea kilomita 200 hivi kisha chungulia tena, mistari ikiwa imeachana nati imezunguka, kaza na upime upya.