Kuacha sigara huku moyo ni mzito: nilivyofanya mimi, nyuma ya meza ya mitumba

Nimevuta sigara miaka 17, na ukiondoa asubuhi moja nitakayoitaja, watu waliowahi kuniona nikivuta hawafiki sita. Nauza mitumba, magauni na blauzi za kike, hapa Dar es Salaam. Nyuma ya meza yangu, kati ya mabelo na ukuta wa mabati, palikuwa na upenyo wa mtu mmoja kukaa. Huko ndiko nilikokuwa navutia. Nikimaliza, karafuu mbili mdomoni, manukato shingoni, narudi kwa wateja kama mtu aliyetoka kuswali.

Niliacha mara ya kwanza 2021, nikakaa miezi mitatu. Januari 2022 soko la Karume likaungua na mzigo wangu wote ukaenda na moto. Asubuhi ile, tumesimama na wenzangu tunatazama moshi, nikamwomba sigara kijana nisiyemjua, mchana kweupe, mbele za watu. Nikavuta mwaka mwingine na zaidi. Niliacha tena Ramadhani ya 2023 na sijarudi, ukiondoa moja nitakayoisimulia. Safari hii ya pili nilishajua sigara ilikuwa inanifanyia kazi gani kichwani. Ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Kwanza daftari, wiki nzima

Usiache leo. Vuta kama kawaida siku saba, ila kila sigara iandike kabla hujaiwasha. Mimi nilitumia kurasa za nyuma za daftari la wadaiwa. Piga safu nne: saa, uko wapi, moyo ukoje kwa neno moja (hasira, uchovu, upweke, sina kitu), halafu baada ya saa moja urudi uandike moyo ukoje sasa. Safu ya nne inachosha, na ndiyo iliyonifumbua macho.

Zangu zilikuwa kati ya tisa na kumi na mbili kwa siku. Nilitegemea kukuta madeni, mteja aliyenitukana, ada za shule. Nikakuta sigara zenye sababu ya kueleweka ni mbili, siku ikiwa mbaya tatu. Nyingine zote zilifuatana tu: saa nne, saa sita, saa nane. Nikotini inafika kwenye ubongo sekunde chache baada ya pafu, unapata raha, kisha inaanza kushuka. Kwenye saa mbili hivi nusu yake imeshatoka kwenye damu. Ikishuka unaingiwa na wasiwasi, mkono hautulii, unamkaripia mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Unawasha nyingine, unatulia, unasema afadhali. Kumbe kilichotulia ni kile kiherehere ilichokuachia sigara ya saa mbili zilizopita. Deni langu kwa mwenye belo lilikuwa palepale, na safu ya nne ilinionyesha hivyo kila siku.

Sokoni kwetu tunaijua mikopo ya kausha damu. Anakukopesha asubuhi, jioni unakopa tena ili umlipe yeye yeye, na bado unamshukuru kwamba amekuokoa.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu kuna hofu moja iliyonifunga miaka: nikiacha sigara nitachanganyikiwa, maana ndiyo inayonishikilia. Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitoa uchambuzi wa tafiti 26 zilizolinganisha walioacha na walioendelea kuvuta. Walioacha walipungukiwa na wasiwasi, sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka) na msongo wa mawazo, na hata wale waliokuwa na maradhi ya akili tangu mwanzo walipata nafuu hiyo. Niliisoma habari hiyo mara tatu. Kumbe mshikiliaji mwenyewe ndiye aliyekuwa ananiyumbisha.

Maswali mawili kabla ya kupanga siku

Katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi umekosa hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda? Na je, siku nyingi moyo umekuwa mzito, umekata tamaa? Wahudumu wa afya huanzia hapo wanapotafuta sonona. Ukijibu ndiyo, hata kwa moja, usiahirishe kuacha sigara, ila usiende peke yako. Na kama umeshafika mahali pa kufikiria kufa, funga ukurasa huu, mchukue mtu mmoja, nendeni hospitali leo. Sigara itasubiri.

Mimi majibu yangu yote mawili yalikuwa ndiyo, tangu moto. Nilikuwa nayaita uchovu. Zahanati ya kwanza niliyokwenda niliulizwa, "Mama mzima unavuta sigara?" nikainuka nikaondoka na dawa ya kikohozi. Ilinichukua miezi minne kujaribu tena. Ya pili nikamkuta muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo, hakushtuka hata kidogo. Ukikutana na wa kwanza, jua wa pili yupo. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na kliniki ya afya ya akili, Muhimbili wana idara nzima, na Dodoma kuna Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili. Mirembe watu wanaitaja kwa utani. Utani huo umewaweka wengi nyumbani wakiugua.

Kama tayari unatumia dawa za maradhi ya akili, mwambie daktari wako tarehe ya kuacha kabla haijafika. Moshi wa sigara unalifanya ini lichome baadhi ya dawa haraka, hasa klozapini na olanzapini. Moshi ukikatika, dozi ileile inakuwa kubwa kwako, na huenda akahitaji kuipunguza. Kahawa nayo ni vivyo hivyo. Kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, vikombe vyako vitatu vinapiga karibu kama sita, halafu unadhani ni arosto, yaani mateso ya mwili kukosa sigara, inayokutetemesha. Punguza kahawa nusu siku unayoacha. Mimi kahawa chungu na kashata ya saa kumi niliihamishia kwenye tangawizi, na siku ya nne usingizi ulirudi.

Tarehe, na vitu vya kutupa

Usichague siku ya kufungua belo, wala mwisho wa mwezi wa kodi. Mimi nilichagua mwezi mosi wa Ramadhani kwa sababu ya jambo dogo nililoliona miaka yote. Mchana wa kufunga nilikaa saa kumi na tatu bila pafu na sikuumia sana. Adhana ya magharibi ikilia tu, kiu ya sigara inanipanda kichwani kabla hata sijameza tende. Basi mchana ulishapata mlinzi wake, nikawekeza nguvu zangu kwenye muda wa futari mpaka daku. Asiye Mwislamu atafute wiki ambayo ratiba yake imebadilika kidogo: likizo, safari ya kijijini, mtoto akiwa nyumbani.

Kutupa kiberiti na kipisi kila mtu atakwambia. Mimi nakuongezea: tupa na vya kufichia. Miongozo mingi inasema tafuna karafuu, tafuna bigijii. Kwangu karafuu ilikuwa nusu ya sigara. Miaka 17 ulimi wangu umezoea karafuu kuja baada ya moshi, nikiitafuna moshi unaulizwa uko wapi. Manukato yale nikampa binti wa jirani. Nikahamia vipande vya miwa na karanga za kuchemsha, vitu ambavyo havikuwa na historia yoyote na sigara. Pitia daftari lako uone vyako ni vipi.

Siku za arosto

Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, wiki ya kwanza nzima ni ngumu, na kwa wengi mambo yanatulia kati ya wiki ya pili na ya nne. Hasira, wasiwasi, huzuni, usingizi wa mang'amung'amu, njaa isiyoisha, kushindwa kuhesabu chenji. Nilikata kipande cha boksi nikaandika "HII NI AROSTO" nikakibandika chini ya meza, ninapopaona nikiinama. Siku ya tatu nilimfokea mteja aliyeshusha bei ya gauni, nikainama, nikasoma, nikamwita arudi nikamuuzia kwa bei yake. Hasara ya shilingi elfu moja.

Kiu yenyewe ikija haikai. Ni dakika chache, mara nyingi hazifiki kumi, iwe umevuta au hujavuta. Mimi nilikuwa nakunja nguo: blauzi kumi, vizuri, vifungo vyote. Nikifika ya saba au ya nane imeshapita. Mwenye kazi ya ofisini atafute blauzi zake.

Pumzi pia ina kazi. Ukivuta sigara unavuta hewa ndefu, unaishikilia, unaiachia taratibu, na sehemu ya utulivu ilikuwa hiyo hewa yenyewe. Ivute bila moto: puani kwa hesabu ya nne, itoe mdomoni kwa hesabu ya sita, mara kumi. Nilijiona mjinga siku mbili za kwanza.

Kuna jambo moja sikulitegemea, nalo ndilo lililonilegeza safari ya kwanza, hata kabla ya moto. Ule upenyo nyuma ya meza ndio mahali pekee ambapo siku nzima hakuna aliyeniita mama, dada, au "wee mwenye blauzi". Nilipoacha sigara mara ya kwanza niliacha na kukaa pale, nikawa nasimama saa kumi na moja mfululizo halafu nashangaa kwa nini nataka kulia. Safari ya pili nilibaki na kikao changu. Mara nne kwa siku, dakika kumi, nakaa juu ya belo, mikono mitupu. Kama sigara ndiyo ilikuwa ruhusa yako ya kupumzika, jipe ruhusa bila yenyewe. Bosi aliyekuruhusu kutoka kuvuta hana sababu ya kukuzuia kutoka kunywa maji.

Kumwambia nani

Utaambiwa utangaze, familia ikusaidie. Nitamtangazia nani kwamba naacha kitu ambacho hakuna anayejua ninacho? Ukivuta kwa siri unaacha kwa siri, na hasira zako za siku ya tatu nyumbani zinahesabiwa ni kiburi. Mtafute mmoja tu. Mimi nilimwambia shoga yangu anayeuza viatu meza ya jirani. Sikumwomba anishauri. Nilimwambia, "Nikisema kichwa kinaniuma, nishikie meza dakika kumi, usiniulize." Akasema, "Haya. Nilikuwa najua lakini, shoga, karafuu zako zinanuka mpaka kwangu." Baba watoto mpaka leo sijamwambia, na sikosi usingizi kwa hilo.

Sigara moja ya msibani

Mwezi wa tano tangu niache, nilikwenda Muheza kumzika shangazi. Usiku wa pili, nyuma ya jiko la matanga, nilivuta moja. Hatari haikuwa ile sigara, ni maneno yaliyoifuata asubuhi: umeshaharibu, huna akili, endelea tu. Maneno hayo niliyajua, ni yaleyale sonona ilikuwa inaniambia baada ya moto, kuhusu biashara, kuhusu watoto, kuhusu kila kitu. Nikaiandika daftarini kama zile za mwanzo: saa tano usiku, Muheza, upweke, saa moja baadaye, kichefuchefu na upweke uleule. Nikafunga. Hesabu ya siku sikuianza upya, nilihesabu miezi mitano na sigara moja.

Dawa, na kama huzuni haiondoki

Shirika la Afya Duniani liliziweka plasta na jojo za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya bupropioni na vareniklini. Zamani vidonge hivi vilihofiwa kuwavuruga wenye maradhi ya akili. Utafiti mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2016, wenye watu zaidi ya 8,000 na karibu nusu yao wenye historia ya maradhi hayo, haukukuta ongezeko kubwa la madhara hayo ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Mwenye kifafa asiguse bupropioni. Kwenye famasi mbili nilizoulizia jojo hawakuwa nazo, nikaenda bila. Ukizipata, zitumie, hakuna zawadi ya kuteseka.

Wiki nne zikipita na moyo bado mzito, usiseme ni arosto. Mimi ilifika wiki ya sita, nikarudi kwa yule muuguzi na daftari langu, akalisoma kurasa zote akiwa amevaa miwani, akanipeleka kwa daktari. Ilikuwa sonona, iliyokuwepo kabla ya Ramadhani, sasa imekosa moshi wa kujifichia. Nilipewa vidonge na vikao vya kuzungumza, Jumanne moja kila wiki mbili.

Ukienda, nenda asubuhi na daftari lako, na dirishani sema hivi bila kupunguza sauti: "Nimeacha sigara wiki kadhaa zilizopita, moyo haujakaa sawa, nataka kumwona mtu wa afya ya akili." Wakikuuliza kikohozi, waambie huna.