Kusoma gamba la konokono wa Ziwa Tanganyika, hatua kwa hatua

Mgeni wa pwani akifika kwangu Kigoma na kuona magamba niliyoyapanga dirishani, huuliza kama nimeyatoa Bagamoyo. Ni ya hapa hapa, kilomita 1,000 hivi kutoka Bahari ya Hindi. Mpelelezi Mwingereza John Speke, aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake Richard Burton Februari 1858, aliokota mengine yakaishia London. Miongo michache baadaye J. E. S. Moore, mwanazoolojia Mwingereza, kwa kuona magamba kama haya akashikilia kwamba ziwa letu ni masalia ya bahari ya kale. Sivyo. Hawa ni konokono wa maji baridi, na magamba yao magumu yenye mbavu (matuta membamba yaliyoinuka) yamekuwa hivyo humu humu ziwani, kwa sababu ya kaa. Nitafika huko.

Hatua ya 1: Jiandae

Beba ndoo, mswaki wa zamani, rula, daftari na penseli. Vaa buti za mpira na glavu. Anza kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, si penye majani na maji yaliyotulia, maana huko ndiko kwenye kichocho. Kabla ya kukanyaga maji, waulize wavuvi wa hapo habari za mamba. Wanajua kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 2: Lishike vizuri

Ncha juu, mdomo (tundu anapotokea konokono) ukuelekee wewe. Mdomo ukiwa upande wa kulia, endelea. Ukiwa kushoto na gamba ni jembamba, huyo huenda ni Bulinus. Likiwa bapa kama kamba iliyoviringishwa mezani, huenda ni Biomphalaria. Wote wawili hubeba kichocho, na hawana kile kizibo kigumu ambacho konokono wengine hufungia mlango wakijificha. Ukiwakuta, toka majini na utafute sehemu nyingine.

Hatua ya 3: Soma uso wa gamba

Lisugue kwa mswaki kwanza, kwa sababu ukoga huficha kila kitu.

Gamba nene, la mviringo, lenye mdomo mpana na ncha fupi ni Spekia zonata. Mguu wake mkubwa hung'ang'ania jiwe, na wimbi halipati pa kumshika. Ukimkuta, jaribu kumsukuma kwa kidole uone.

Likiwa refu kidogo, na mbavu zake zinakatana na mistari hadi zinafanya vinundu kama wavu, hiyo ni Lavigeria. Ziko aina nyingi, za miambani na za mchangani, na hata wataalamu hubishana, kwa hiyo andika "Lavigeria" tu uendelee. Jike hubeba watoto tumboni wakiwa tayari na vigamba vyao.

Gamba kubwa, laini, la sentimita 4 au 5, ni Neothauma, ambaye hujifukia kwenye mchanga na matope. Na likiwa jepesi lenye miiba mirefu, una bahati: ni Tiphobia horei, aliyepewa jina la mmisionari Edward Hore aliyeishi Ujiji. Yeye hukaa kwenye matope laini ya kina kirefu, kwa hiyo usimtafute ufukweni.

Hatua ya 4: Tafuta makovu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda. Geuza gamba polepole juani, ufuate mzunguko wa mwisho kuelekea mdomoni. Utaona mstari uliochongoka ovyo, kisha mbavu zinaanza tena zikiwa hazilingani na za nyuma. Hapo kaa alibana ukingo na kuuvunja, konokono akajivuta ndani, akapona, akajenga upya. Nina Lavigeria moja yenye makovu matatu. Kaa wa humu, hasa Platythelphusa armata, wana magando ya kupondea, na gamba jembamba halifiki mbali.

Hatua ya 5: Hakikisha ni kwake

Miaka yangu ya mwanzo niliandika kwamba Neothauma ni mkazi wa ufukweni, kwa kuwa niliyaokota huko kila nilipopita. Mzee mmoja aliyekuwa akianika dagaa alicheka: "Mwalimu, hizo ni nyumba tu. Mwenyewe yuko chini huko." Kweli. Magamba matupu hudumu miaka mingi, hulundikana chini ya ziwa, na samaki wadogo hutagia mayai ndani yake. Kwa hiyo andika kama mwenyewe alikuwemo au la. Gamba tupu linakuonyesha mahali lilipofika, na huenda si alipoishi.

Hatua ya 6: Andika, rudisha

Kina, aina ya sakafu (mwamba, mchanga au matope), urefu wa gamba, makovu mangapi. Mzima mrudishe kwenye jiwe lake lile lile, na ndani ya hifadhi kama Gombe usichukue chochote bila kibali. Karatasi ya kuweka mfukoni mwa sampuli iandike kwa penseli. Ya wino imeshanifutikia ndoo nzima mara mbili.