Jinsi ya kumsaidia mtu bila mtaa mzima kujua

Siku hizi mtu akipeleka kilo tano za unga kwa bibi jirani kamera inatangulia unga unafuata. Sisemi kila anayepiga picha ana roho mbaya, ila ile picha inabaki kwenye status za watu mpaka wajukuu wa yule bibi wanaiona, na unga ulishaisha zamani. Wapo wanaotaka kutoa kimya kimya ila hawajui wapitie wapi, so naandika njia ninazozijua.

Cha kwanza, usimrushie hela kwenye simu. Meseji anayopokea inakuja na jina lako kama ulivyosajili laini, hapo siri imekufa. Bora uende kulipia shida yenyewe ilipo.

Rahisi kuliko zote ni deni la dukani. Nenda kwa Mangi saa ambayo hakuna watu, uliza jumla, lipa, na simama hapo mpaka akate lile deni kwenye daftari. Alafu mpe la kusema, manake usipompa atatunga la kwake. "Kuna mtu kalipa, hajataka jina" inatosha kabisa. Usimwambie aseme ni ofa ya duka, kesho yake mtaa mzima utakuja kudai ofa.

Hospitali za serikali hapa Tanzania bili inatoka na control namba, ukiipata kwa ndugu anayeuguza unalipia kwa simu ukiwa popote, huna haja hata ya kusogea dirishani. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, inasumbua kidogo kwasababu tokeni inarudi kwenye simu iliyolipa, lazima awepo mtu wa kati wa kuzipeleka zile namba.

Shuleni watu wanadhani hakuna cha kulipa kwa vile ada ya sekondari za serikali ilifutwa 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na 2022 ikafuata cha tano na sita. Lakini sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula vipo palepale. Michango ongea na mwalimu, risiti iandikwe jina la mtoto. Sare lipa kwa fundi, alafu mama mwenyewe ndo ampeleke mtoto kupimwa na aende kuichukua, mtoto ajue kashonewa na mama yake. Hiyo naipenda kuliko zote.

Mtu wa kati chagua asiye na mdomo, shehe wa msikiti wenu au mzee wa kanisa. Mjumbe wa nyumba kumi simshauri, hasa mwaka wa uchaguzi. Na mwenza wako mwambie tafadhali, asije akakuta miamala kwenye simu ukaanza kueleza saa sita usiku.

Kwenye magrupu ya michango, mwambie mhazini akuandike "msamaria mwema". Ila kama mhazini humwamini vizuri acha jina likae kwenye listi pamoja na kiasi, hiyo sio kujionyesha, hiyo ndo risiti yako. Kutoa hadharani sio dhambi jamani. Wakristo wana ile ya mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini, Mathayo 6, na Qur'ani kwenye Baqara aya ya 271 inasema kudhihirisha sadaka ni vizuri, kuificha ukawapa mafukara ni bora zaidi. Kwahiyo ukichangisha tangaza shida, tangaza hesabu mpaka senti ya mwisho, sura ya mgonjwa iache.

Ukishatoa usianze kukagua. Akinunua kitenge badala ya mchele ni chake. Akikuuliza "ni wewe?" usidanganye, mwambie tu amshukuru Mungu na ubadilishe stori. Na kuna siku atakusema kwenye kikao kwamba na hela zako zote hujawahi kumsaidia hata mia, hapo ulimi utakuwasha kweli kweli. Kunywa maji, muulize watoto hawajambo.