Usitaje mahakama kwenye barua ya kwanza

Nauza viazi vya Uyole kwa hoteli za Mbeya mjini. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kuiuzia hoteli viazi niliimalizia hivi: “Mkichelewa kulipa, tutakutana mahakamani.” Kimya. Nilipompigia mwenye hoteli akasema, “Mama, hatujauziana hata gunia moja, umeshanishtaki?” Yaliniuma, lakini alisema kweli.

Siku hizi naandika bei, uzito wa gunia kwa kilo (lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hapana kabisa), na siku ya kushusha mzigo. Basi. Mambo ya kutoelewana yaweke kwenye mkataba mkishakubaliana: kwanza mzungumze ndani ya siku 14, kisha msuluhishi, mahakama mwisho. Andika “pande zote mbili”, usiandike “wewe”. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haihitaji vitisho vyako ili ifanye kazi.