SOMO: Kuwafundisha watoto wa awali porini, hatua kwa hatua

Kila wiki kuna mtu ananiuliza jambo hilihili: "Mwalimu, ile shule ya msituni mnaiendeshaje?" Namjibu, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Nimeamua kuliandika mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamwambia arudi juu asome.

Nafundisha darasa la awali upande wa Mtama, Lindi. Ninayoyaeleza ni ya watoto wa miaka 4 hadi 6 wa huku kwetu, kwenye mikorosho, miombo na vichaka vyetu. Wa mikoa ya baridi mtarekebisha wenyewe.

Tuelewane kwanza: hii si pikiniki, wala si ziara ya kufunga muhula. Mtoto anarudi mahali palepale kila wiki mpaka apajue: mti upi umepukutisha majani, kichuguu kipi kimeongezeka, ndege yupi amehama. Mkienda mara moja mkapiga picha mkarudi, mmetembea tu.

1. Ruhusa. Mwalimu mkuu, wazazi, mwenye shamba, na yote kwa maandishi. Msitu wa kijiji muone kamati ya maliasili. Hifadhi ya serikali nenda ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

2. Mahali. Nusu ekari inatosha. Pawe karibu, mwendo wa robo saa kwa miguu ya mtoto, siyo kwa miguu yako. Pawe na kivuli cha kweli, mwembe mkubwa au mkwaju, udongo unaochimbika, na gogo moja au mawili ya kupanda. Pasiwe na kisima kilicho wazi, korongo wala barabara. Chini ya minazi hapana, hata kama pana upepo mzuri kiasi gani. Nazi haipigi hodi.

Halafu kaa na wazee wa pale. Wao ndio wanaojua makaburi ya zamani yako wapi, mti gani watu hufanyia matambiko, na kumbi za jando hujengwa upande gani likizo ya mwezi wa sita na ya Desemba inapokaribia. Mwalimu mgeni anaweza kuwapeleka watoto mahali ambapo kijiji kizima kinajua hapaingiliwi, akavunja heshima iliyojengwa miaka.

3. Kukagua. Hapa soma taratibu. Pakague siku moja kabla, kisha asubuhi ileile kabla watoto hawajaingia. Na unapokagua, tazama juu pia. Sisi yalitukuta hapa: chini palikuwa pamefyekwa vizuri, lakini upupu ulikuwa umetambaa mpaka matawini. Watoto walipotikisa mti, vile vinyoya vikawashukia vichwani. Somo liliishia pale, na kwa wazazi ilibidi tuanze upya kujenga imani.

Upupu ni wa kuogopa zaidi mvua zikishakata, maganda yanapokauka na kusi inapovuma. Ukimpata mtoto, usimsugue na usimwache ajikune. Mvue nguo, mnyunyizie majivu makavu, pangusa kwa upande mmoja, kisha aoge kwa sabuni. Ukiingia machoni, mwoshe kwa maji mengi safi na mwende zahanati. Nguo zile zisivaliwe kabla ya kufuliwa. Mimi sitoki bila mfuko wa majivu.

La pili ni salfa. Kuanzia kama mwezi wa sita mpaka wa tisa, mikorosho ikichanua, wakulima wanaipuliza kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Wanapuliza alfajiri upepo ukiwa umetulia, na wewe unafika na watoto saa moja na nusu, vumbi bado liko hewani na kwenye majani. Linachoma macho, linabana kifua, na mwenye pumu litamwangusha. Usiishie kumuuliza mwenye shamba peke yake. Waulize na majirani zake, maana mashine haijui mpaka. Shamba lililopulizwa wiki hii, salfa au dawa ya maji, watoto wasiingie.

La tatu ni mimea. Mnyaa tunaupanda kuwa uzio, lakini utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Mbegu za mbono kaburi na za nyonyo ni sumu, na mtoto anaziona nzuri, zinang'aa. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua midomo na vidole. Watoto wetu wana kanuni moja wanaiimba kila tukifika: hakuna kinachoingia mdomoni mpaka mwalimu akione.

Kisha vichuguu, mashimo, mizinga ya nyuki, siafu, matawi makavu yaliyoning'inia.

4. Mpaka. Funga vipande vya khanga nyekundu kwenye miti kuzunguka eneo. Mtoto akiwa ndani lazima aone angalau vipande viwili popote alipo. Zungukeni wote kila mnapofika, waguse kila kitambaa. Wiki za kwanza msifanye kitu kingine zaidi ya hicho na mchezo wa kuitana: filimbi ikilia, wote wanakimbilia mwembe, tunahesabu. Piga filimbi wakati hawajategemea. Mpaka waje wote bila kutafutwa, usiwaache wacheze mbali na macho yako.

5. Watu wazima. Wawili kwa watoto 15 hadi 20, ndivyo wanavyofanya hata Ujerumani. Huku naongeza mzazi mmoja.

6. Uji kabla ya kutoka, dumu la maji, viatu vinavyofunika vidole, orodha ya majina. Saa nne muwe mmesharudi, jua halisubiri.

7. Somo lenyewe. Salamu, mpaka, kucheza huru, kukusanyika, kurudi. Kucheza huru kuchukue muda mrefu kuliko vyote. Na hapa ndipo walimu wengi wanaposhindwa, kwa sababu tumezoea kusema. Nyamaza.

Mtoto amechuchumaa kwenye mchanga chini ya mkorosho, anatazama vile vishimo vidogo vya mviringo. Anamdondosha sisimizi, mchanga unarushwa kutoka chini, sisimizi anazama. Anashtuka. Anamdondosha mwingine. Anamwita mwenzake. Wanajaribu jani, halafu kijiti, wanaona mchanga haurushwi vilevile. Wale watoto wako kwenye kazi kubwa ya akili, na wewe ukifika na kusema "huyo ni mdudu fulani, anakula sisimizi," umewamalizia. Subiri wakuulize. Wakikuuliza, waulize na wewe: unadhani kwa nini anachimba mchanga mkavu tu?

Kuhesabu na herufi vitakuja vyenyewe. Kokwa za ukwaju zinapangwa kumikumi. Majani yanagawanywa: yenye meno pembeni na yasiyo nayo. Herufi zinaandikwa mchangani kwa kijiti, na mchanga hauna aibu ya kufutwa, kwa hiyo hata mtoto anayeogopa kushika penseli anaandika.

8. Moto. Kiangazi hapana. Miombo ikikauka, cheche moja ni moto kichaa.

9. Andika. Kila siku, mistari michache: nani aligundua nini. Utaihitaji wazazi wakija.

Haya, maswali.

---

Mwanachama mpya: Mwalimu naomba uniwekee hatua zote kwa ufupi.

Mwandishi: Zipo juu, tisa.

Mzazi wa Masasi: Shikamoo mwalimu. Mimi mwanangu pori analo nyumbani, kutwa anazunguka huko. Nimempeleka shule ajue kusoma. Kwa nini arudishwe tena porini?

Mwandishi: Marahaba mama. Swali lako ni zuri na wazazi wengi wanaliuliza kwa hasira, wewe umeliuliza kwa adabu. Ni kweli mwanao pori analijua, na kwa hilo amewazidi watoto wengi wa mjini. Kinachoongezeka ni mtu mzima anayemtazama na kumtaka aeleze alichokiona kwa sentensi kamili. Nyumbani anaona kichuguu, anapita. Kwetu anasimama, anakipima kwa kamba, anaeleza wenzake, na wiki ijayo anapima tena kuona kama kimekua. Mtoto aliyezoea kueleza, kusoma kunampata kwa urahisi, maana maneno anayo tayari. Njoo siku moja ukae nasi mpaka saa nne, uone mwenyewe.

Kaka wa Nachingwea: Haya ni mambo ya Wazungu tu. Tunaiga kila kitu.

Mwandishi: Utaratibu wenye jina ulianzia huko, sifichi. Denmark kuna mama aliyeitwa Ella Flatau, miaka ya 1950 alikuwa akiwachukua watoto msituni kila siku. Sweden mwaka 1957 Gösta Frohm alianzisha mafunzo ya watoto porini yanayoitwa Skogsmulle. Ujerumani, chekechea ya msituni ya Flensburg ilitambuliwa rasmi mwaka 1993. Lakini kaka, wewe uliyejifunza kutega ndege, kutambua mti wa mpini na mti wa dawa, ulijifunzia wapi? Na nani alikufundisha, akiwa amekaa kwenye dawati gani? Nachukua ratiba yao ya usalama, nawaachia theluji yao.

Kaka wa Nachingwea: Basi na jando mliingize humo.

Mwandishi: Hapana. Jando lina wenyewe na wakati wake, na hawa ni watoto wa miaka minne. Tusichanganye.

Mwalimu wa Newala: Mwalimu mwenzangu, nina watoto 70 na niko peke yangu. Mbili kwa ishirini naipata wapi? Sitaki kukata tamaa ila hesabu hazikubali.

Mwandishi: Pole sana, na asante kwa kusema ukweli. Usiwapeleke 70 kwa pamoja, hata siku moja. Wagawe makundi manne, kila kundi lina siku yake ya wiki. Siku ya kundi la kwanza, omba mwalimu wa darasa la kwanza akushikie waliobaki kwa kipindi, na wewe umshikie wake siku nyingine. Tafuta bibi wawili wa kijijini. Nasema bibi kwa makusudi: wana muda, watoto wanawatii, na majina ya mimea wanayajua kuliko mimi na wewe. Wazungumze Kimakonde na watoto wakitaka, wewe utaleta Kiswahili baadaye. Ikishindikana kabisa, anza na mwembe wa uwanjani. Wekeni vitambaa, fuateni hatua zote kana kwamba ni msituni. Mti mmoja unaotazamwa mwaka mzima una somo la kutosha: maua, maembe machanga, popo, sisimizi, kivuli kinachohama.

Mwalimu wa Newala: Kivuli! Tutakiwekea vijiti asubuhi na saa nne.

Mwandishi: Ndiyo hivyo. Na waache wabishane kwa nini kimehama, usiwaambie.

Mwanachama wa Ruangwa: Umeandika kila kitu ila nyoka. Mtoto akiumwa na nyoka utamwambia nini mzazi wake? Mnacheza na maisha ya watoto.

Mwandishi: Nimeandika mashimo, vichuguu na kukagua mara mbili, unadhani tunatafuta nini humo? Watoto hao hao wanapita kwenye majani marefu kila asubuhi wakija shule, na hakuna aliyewakagulia njia. Kwetu pamefyekwa, hakuna anayeingiza mkono kwenye shimo, na gogo linageuzwa na mtu mzima, kuvutwa upande wake ili likiinuka liwe ngao kati yake na kilichomo. Wakati wa mvua, Desemba mpaka Aprili, majani yakiwa marefu tunabaki mwembeni.

Likitokea: mtoto atulizwe, asitembee, mguu au mkono ufungwe kijiti usichezecheze, abebwe hospitali moja kwa moja. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Namba ya bodaboda wa karibu ninayo kwenye simu, na yeye anajua siku zetu.

Dada wa Liwale: Sisi tuliwasha moto wa kuchoma mihogo mwezi wa nane, ukashika nyasi kidogo tukauzima. Ni kawaida?

Mwandishi: Si kawaida. Soma hatua ya 8.

Kijana wa Lindi mjini: Naomba kuuliza nje ya mada kidogo. Watoto wangu wanauliza sana kuhusu yule mjusi wa Tendaguru, dinosaria. Naweza kumfundisha porini?

Mwandishi: Hiyo ndiyo mada yenyewe! Tendaguru iko wilaya ya Lindi hapa hapa, na Wajerumani walichimba kule mwaka 1909 hadi 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na mizigo ya mifupa ilibebwa na watu kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Mwambie mtoto jina hilo. Mifupa imesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Sasa chukua kamba, pima mita 13 na robo, ilaze chini porini. Watoto walale kwa mstari, kichwa kwa miguu, waone inachukua wangapi kuufikia mdomo wake. Kisha watafute mti unaolingana naye. Watazungumza juu ya hilo mwezi mzima.

Mama wa Mikindani: Sisi huku ni bahari na mikoko, msitu hatuna. Tufanyeje? Na je, khanga haiozi?

Mwandishi: Mikoko ni msitu mama, tena msitu unaotembelewa na bahari mara mbili kwa siku. Nendeni maji yakiwa yanatoka, msingoje yaanze kujaa. Muulize mvuvi, siyo simu, na siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, ondokeni mapema zaidi maana yanarudi kwa kasi. Mpaka uwe upande wa nchi kavu tu. Upande wa maji asimame mtu mzima muda wote. Watoto wapande kijiti kwenye ukingo wa maji, warudi kutazama yameondoka hatua ngapi. Wahesabu mashimo ya kaa. Matawi yasikatwe, mikoko inalindwa kisheria. Raba miguuni, mizizi na chaza zinakata.

Khanga huku kwetu inakaa muhula mzima. Kwenu, kwa chumvi ile, tumieni kamba ya nailoni ya wavuvi, mfunge vipande vya ndala za zamani. Vinaonekana kwa mbali na haviozi.