Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto kusoma

Miaka kadhaa nyuma nilimwandikia bibi mmoja barua: aje Jumatano tuzungumze, mjukuu wake wa darasa la pili bado anahangaika na silabi. Barua alisomewa nyumbani na kaka wa mtoto huyo, wa darasa la tano. Jumatano ikapita. Wiki ya tatu bibi akaja na chane mbili za ndizi kunishukuru, maana kwa alivyosomewa, mwalimu alikuwa amemtumia salamu tu.

Nafundisha huku milimani Lushoto. Wazazi wengi wanashinda kwenye maharage na kabichi, na sisi walimu tunapenda kusema hawana mwamko. Baada ya zile ndizi niliacha kusema hivyo. Nimejifunza kufanya hivi, mwalimu mwenzangu, nawe jaribu.

Wito wa kwanza wa mwaka uwe wa heri. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, lakini mchango wa uji na wa mlinzi bado upo, kwa hiyo mzazi akisikia anaitwa shuleni anawaza mawili: mwanangu kaharibu, au wanataka hela. Mpitie nyumbani au mpigie simu, umweleze jambo moja ulilojionea: "Leo mwanao amesoma neno mbuzi mwenyewe, sijamsaidia." Usiongeze jingine siku hiyo.

Kikao kiwe saa kumi jioni, siku isiyo ya gulio. Kisizidi dakika arobaini, na michango isitajwe kabisa. Itafutie siku yake.

Katika kikao hicho usihutubie. Mwite mtoto mmoja na mzazi wake wakae dawati moja mbele ya wenzao, uwaonyeshe kazi ya nyumbani. Mtoto anaweka kidole chini ya neno, anasoma mistari mitano kwa sauti. Mzazi kazi yake ni kusikiliza na kuangalia kidole. Mdomo ukikimbia huku kidole kimesimama, mtoto anaimba alichokariri. Hapo mzazi aseme, "Hebu anzia mstari wa mwisho." Aliyekariri atakwama palepale, na mama ambaye hajawahi kushika kitabu atakuwa amegundua jambo ambalo mimi, mwenye watoto 68 darasani, naweza kulikosa wiki nzima. Akikwama asichapwe wala asichekwe. Arudie neno moja moja, taratibu.

Halafu mzazi aulize habari hiyo inasemaje, na mtoto asimulie kwa Kisambaa kama ndicho wanachozungumza nyumbani. Wapo walimu wanaokataza lugha ya nyumbani. Mimi sikubaliani nao. Mtoto akiweza kumsimulia bibi yake, ameelewa alichosoma.

Dakika kumi zinatosha, kabla giza halijaingia au chakula kikiwa jikoni. Hesabu nazo zina nafasi: wakati wa kuchambua maharage, mtoto ayapange makundi ya kumi kumi, kisha aseme jumla.

Ili ujue kinachoendelea, mwambie mzazi achore duara nyuma ya daftari kila siku aliyosikiliza. Bibi wa ndizi alikuwa hajawahi kushika kalamu, na maduara yake ya mwanzo yalikuwa marefu kama mayai, yamekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Alichora manne wiki ya kwanza.

Ijumaa pitia madaftari. Daftari lisilo na duara hata moja usilitangaze kikaoni wala kulisema mbele ya darasa. Muulize mtoto pembeni: jioni anakuwa na nani, nani anabaki nyumbani. Mara nyingi utakuta mama anarudi usiku, au baba yuko Tanga kwenye vibarua. Basi mtafutie msikilizaji mwingine: dada wa darasa la sita, jirani, shangazi. Nenda ukaongee na mtu huyo wewe mwenyewe, kwa mdomo, usitume barua.